Jinsi ya kuchagua kamera za usalama kwa nyumba na biashara za Lamu

Wanaotaka kufunga kamera za usalama kwa mara ya kwanza hapa Lamu huuliza maswali yale yale: kamera nzuri ni ya kampuni gani, zinatosha ngapi, na je, ile ya waifai inayouzwa kwa bei nafuu itafaa? Maswali hayo huulizwa mapema mno. Kabla ya kutaja kampuni au bei, ni lazima ujue kila kamera itakujibu swali gani siku utakapoihitaji, kisha ujue itadumu vipi katika mji wenye chumvi hewani, kuta nene za mawe ya matumbawe na vichochoro vinavyowaweka majirani dirisha kwa dirisha. Mwongozo huu unafuata utaratibu huo. Umeandikwa kwa kumfikiria mwenye nyumba au duka katika Mji wa Kale, lakini mkazi wa Shela, Mokowe au hata Malindi anaweza kuutumia, kwa kuwa chumvi ya bahari haina mipaka ya kaunti.

Vitu vya kutayarisha kabla ya kwenda dukani

- Mchoro wa nyumba au duka lako, hata kama ni wa kalamu ya risasi, unaoonyesha milango yote, madirisha ya chini, ngazi ya kwenda darini na mahali mita ya umeme ilipo.
- Futi ya kupimia yenye urefu wa mita 5 au zaidi.
- Picha za simu zilizopigwa kutoka pale unapodhani kamera itakaa. Piga tatu kwa kila mahali: adhuhuri, alasiri jua linapoinama, na usiku taa zikiwa katika hali yake ya kawaida.
- Kipimo cha kasi ya intaneti yako, hasa kasi ya kupakia, kwa sababu ndiyo inayotumika unapoitazama nyumba yako ukiwa mbali.
- Bajeti iliyogawanywa. Mimi hushauri watu watenge karibu nusu ya fedha kwa vitu ambavyo havionekani: kebo, diski, umeme wa akiba na kazi ya fundi. Anayemaliza fedha zote kwenye kamera huishia kuziunganisha kwa waya dhaifu.
- Idhini. Kama umepanga, zungumza na mwenye nyumba. Kama nyumba iko ndani ya Mji wa Kale, ambao uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, pitia kwanza ofisi ya Makavazi ya Taifa ya Kenya hapa Lamu kabla ya kutoboa ukuta wa nje.

Hatua ya 1: Andika swali ambalo kila kamera italijibu

Chukua mchoro wako na kwenye kila mahali unapotaka kamera uandike swali moja. Mlango wa mbele: "Aliyeingia ni nani?" Kaunta ya duka: "Fedha zilitoka vipi kwenye droo?" Stoo: "Kuna mtu aliyefika hapa usiku?" Gatini, kwa mwenye mashua: "Chombo bado kipo?"

Maswali haya hayalingani kwa uzito. Kujua kwamba kuna mtu ni jambo jepesi. Kumtambua mtu unayemfahamu ni zito zaidi. Na kuipata sura ya mgeni kwa ubora ambao mtu mwingine ataweza kumtambua ndilo zito kuliko yote. Toleo la mwaka 2014 la kiwango cha kimataifa cha IEC 62676-4 liliyapa mambo hayo vipimo kwa pikseli, yaani nukta zinazounda picha: pikseli 25 kwa kila mita ya upana wa picha zinatosha kugundua kuwa kuna mtu, pikseli 125 zinahitajika kumtambua unayemjua, na pikseli 250 zinahitajika kumbainisha usiyemjua. Andika moja kati ya namba hizo kando ya kila swali, kwani utazihitaji katika hatua inayofuata.

Tahadhari: kama mahali fulani umeshindwa kupaandikia swali, hapahitaji kamera. Kufuli imara au taa huenda ikapafaa zaidi.

Hatua ya 2: Pima umbali, kisha chagua lenzi kabla ya megapikseli

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Muuzaji husifu megapikseli, na mnunuzi huamini kwamba kamera inayoona eneo pana ndiyo bora. Ukweli ni kwamba kadiri lenzi inavyoona kwa upana, ndivyo pikseli zinavyotawanyika, na sura ya mtu hupata chache.

Fanya hesabu hii. Kamera ya megapikseli 2 ina pikseli 1920 kwa upana. Ukizigawa kwa 250 unapata mita 7.7 hivi, na huo ndio upana mkubwa kabisa wa picha unaoweza kumbainisha mgeni. Lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo inayouzwa sana, huona nyuzi 100 hivi, kwa hiyo upana huo hufikiwa mtu akiwa mita 3 tu kutoka kwenye kamera. Akisimama mita 8, utajua kuwa ni mtu, na pengine utamtambua kama unaujua mwendo wake, lakini sura hutaipata. Lenzi ya milimita 4 hukufikisha kwenye mita 4 na nusu hivi, na ya milimita 6 kwenye mita 8 takriban. Kamera ya megapikseli 4, yenye upana wa pikseli 2560, huongeza masafa hayo kwa theluthi moja. Karatasi ya maelezo ya kamera huonyesha pembe yake halisi, kwa hiyo isome kabla ya kulipa.

Sasa fikiria kichochoro cha Mkomani au Langoni chenye upana usiozidi mita 2. Ukifunga kamera ya milimita 2.8 ikitazama urefu wa kichochoro, sehemu kubwa ya picha itakuwa kuta mbili, na anayepita atakuwa mstari mwembamba katikati. Kwa mahali kama hapo chagua lenzi ya milimita 6, na uulize kama kamera inaweza kugeuza picha ikasimama wima. Kamera nyingi za mtandao zina uwezo huo: unaizungusha kamera robo duara, unabadilisha mpangilio, na pikseli zote zinafuata urefu wa njia badala ya kuhesabu mawe ya ukutani. Kwa vichochoro vyetu sioni chaguo linalofaa zaidi, na inasikitisha kwamba mafundi wengi hulipita bila kulitaja.

Urefu wa kufungia nao una uzito wake. Kamera inayotakiwa kupata sura ikae kati ya mita 2.2 na 2.5 kutoka sakafuni. Ukiipandisha hadi mita 4 kwa kuogopa isiibwe, utapata picha safi za kofia za vito, tundu zake zote zikionekana, na uso uliofichwa chini yake. Kama hofu ya kuibiwa ni kubwa, weka kamera mbili: moja ya juu ya kuona eneo, na nyingine ya chini iliyo ndani ya daka, yaani ukumbi wa mlangoni, ikitazama nje.

Hatua ya 3: Fikiria mwanga wa mchana na wa usiku

Tazama zile picha za simu. Kama mlango wa duka unatazama bahari au uwanja ulio wazi kama Mkunguni, picha ya adhuhuri itaonyesha mlango uliong'aa na kivuli cheusi cha mtu ndani yake. Kamera ya kawaida nayo itaona hivyo hivyo. Hapo tafuta yenye WDR halisi ya desibeli 120, ambayo husawazisha mwanga mkali wa nje na giza la ndani. Neno "halisi" ulizingatie, kwa sababu baadhi ya kamera huandikwa "DWDR", na hizo hurekebisha picha kwa programu tu, matokeo yakiwa hafifu.

Usiku kamera nyingi huwasha taa za infraredi, ambazo jicho halizioni vizuri. Katika mji wetu taa hizo zina adui anayependeza macho, nao ni ukuta uliopakwa chokaa nyeupe. Kamera ikifungwa ukuta huo ukiwa kando yake au dari ya daka juu yake, mwanga hugonga chokaa na kurudi kwenye lenzi. Kamera hudhani kwamba kuna mwanga mwingi, hujipunguza, na anayepita mbele huwa kivuli. Kwa hiyo isogeze kamera mbele hadi ukuta utoke kabisa ndani ya picha, au uchague kamera inayopunguza nguvu ya infraredi yenyewe.

Mlango wa mbele, kama kuna taa ya njiani, unaweza kufaidika na kamera inayorekodi kwa rangi usiku. Rangi ya kanzu au ya mkoba husaidia sana mtu anapoeleza alichokiona. Hata hivyo baadhi ya kamera hizo huwasha taa nyeupe kali, na kwenye kichochoro taa hiyo itaingia chumbani kwa jirani.

Hatua ya 4: Chagua umbo linalostahimili chumvi

Kusi inapovuma, unyevu wa chumvi hufika hata kwenye nyumba zilizo mbali na ufuo. Kaskazi huleta vumbi na joto. Kamera ya nje iwe na alama ya IP66 au IP67. Elewa lakini kwamba alama hizo zinazungumzia vumbi na maji; hazisemi lolote kuhusu kutu, na kamera yenye IP67 inaweza kuoza skrubu zake hapa ndani ya muda mfupi.

Kwa pwani napendelea kamera ya jicho la duara lisilofunikwa, au ile ndefu ya buleti, kuliko ile ya kuba la kioo inayoitwa domu. Kuba hukusanya utando wa chumvi, na usiku infraredi huugonga utando huo ikaijaza picha ukungu. Domu iwekwe ndani ya nyumba au duka, ambako mikono ya watu ni hatari zaidi kuliko upepo.

Nunua skrubu za chuma kisichoshika kutu, za daraja la 316, hata kama kamera imekuja na zake. Katika ukuta wa matumbawe usitoboe penye plasta ya nakshi wala kwenye zidaka (vishubaka vya ukutani); tafuta ukuta mtupu au boriti, na uweke kisanduku cha plastiki nyuma ya kamera ili viungio vya kebo vikae ndani. Vile viungio vinavyoning'inia nje ndivyo hufa mwanzo. Ukivua kiungio kilichokaa nje masika moja utaona pini zake zimegeuka kijani, na kamera yenyewe, ambayo pengine ni nzima, imekwisha kulaumiwa.

Hatua ya 5: Amua kati ya kebo na waifai

Kuta za nyumba za kale zinakaribia nusu mita kwa unene, na waifai hufifia kila inapopita ukuta mmoja. Kamera ya waifai inayofanya kazi vizuri katika chumba chenye ruta itakatika ikiwekwa dakani. Isitoshe, waifai haileti umeme, kwa hiyo bado utavuta waya. Ushauri wangu ni kebo, isipokuwa kwa chumba kimoja cha kupanga au duka dogo ambalo ruta iko hatua chache kutoka kwenye kamera.

Kamera za mtandao hutuma picha na kupata umeme kwa kebo moja kupitia swichi ya PoE, na kebo hiyo inaweza kufika mita 100. Kamera za analogi zenye DVR, yaani kinasa kinachohifadhi picha, ni nafuu zaidi na zinatosha kwa duka la kawaida, hasa kama waya za zamani zimeshavutwa. Kwa vyovyote vile, nunua kebo ya shaba tupu. Kebo ya alumini iliyopakwa shaba juu hufanana nayo dukani. Ikwangue kwa kisu, na ukiona weupe ndani, irudishe.

Hatua ya 6: Pima hifadhi

Kamera ya megapikseli 2 inayotumia mfumo wa kubana picha wa H.265 hurekodi kwa takriban megabiti 2 kwa sekunde, yaani gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne zitatumia gigabaiti 86 hivi kwa siku, na diski ya terabaiti 2 itakuhifadhia siku 23. Kwa nyumba, wiki mbili zinatosha. Kwa nyumba ya wageni au duka la jumla, lenga mwezi mmoja. Tumia diski iliyotengenezwa kwa ajili ya kamera, kwa kuwa ya kompyuta ya kawaida haikuundwa kuandika usiku na mchana. Kinasa chenyewe ukiweke chumba cha ndani kinachofungwa, kamwe kisiwe kaunta, maana mwizi akikiona atakichukua pamoja na ushahidi wake.

Hatua ya 7: Weka umeme wa akiba

Kamera nne, kinasa na ruta hutumia wati 45 hivi. UPS ndogo yenye betri ya volti 12 na ampea-saa 7 itakupa takriban saa moja. Ukihitaji usiku mzima, fikiria betri kubwa yenye sola. Ruta isisahauliwe, kwa sababu bila yake kinasa kitaendelea kurekodi lakini simu yako haitaona kitu.

Hatua ya 8: Linda sitara ya majirani na ufuate sheria

Hatua hii naiomba isipitwe. Kwa watu wa mji huu nyumba ni sitara kabla ya kuwa mali. Kamera ya darini inayoona kiwanda (ua wa ndani) cha jirani, ambako kina mama hukaa bila buibui, ni dhuluma hata kama mwenyewe hakukusudia. Kabla ya kukaza skrubu ya mwisho, mwite jirani, mwonyeshe picha kwenye simu, na uzibe kwa alama nyeusi kila dirisha, dari au kiwanda kisicho chako. Kamera nyingi zina mpangilio wa kuziba sehemu ya picha. Zima maikrofoni ya kamera inayotazama baraza au daka, kwa sababu watu hukaa hapo kwa mazungumzo yao.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 haigusi matumizi ya mtu binafsi yaliyo ya nyumbani tu, lakini kamera inayorekodi njia ya watu wote inaanza kutoka nje ya mlango huo. Kwa biashara jambo ni wazi zaidi: weka bango linaloonekana mlangoni likieleza kuwa kuna kamera, kwa sababu gani, na nani wa kuulizwa. Kanuni za usajili za mwaka 2021 huwasamehe wenye biashara ndogo, ila zinataja kamera za usalama na biashara za hoteli miongoni mwa shughuli zisizosamehewa. Mwenye nyumba ya wageni aiulize Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data kabla ya kuwasha mitambo.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kutoboa

Ifunge kamera kwa kamba au uishike kwa mkono mahali palipokusudiwa, umwombe mtu apite mara moja mchana na mara moja usiku, kisha usimamishe picha na uikuze. Sura ikisomeka, toboa. Siku hiyo hiyo badilisha neno la siri lililotoka kiwandani. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vinasa vingi sana duniani kwa kujaribu tu maneno ya siri ya kiwandani. Fundi akikuwekea neno la siri, libadilishe akishaondoka. Hiyo ni desturi njema tu, wala haimaanishi kwamba humwamini.

Matatizo ya kawaida na utatuzi wake

*Kamera inafanya kazi mchana na kuzimika usiku.* Infraredi zinapowaka, kamera huhitaji umeme zaidi. Adapta ni dhaifu au waya ni mwembamba kwa umbali huo. Badilisha adapta kwanza, kisha kagua kebo.

*Picha ya usiku ina ukungu mweupe.* Futa kioo kwa kitambaa laini na maji baridi yasiyo na chumvi. Kama ukungu unabaki, tafuta utando wa buibui, kwani wadudu hufuata joto na mwanga wa kamera, na buibui hufuata wadudu. Wakati wa kusi fanya usafi huo kila wiki mbili.

*Simu inalia usiku kucha.* Punda na paka ndio sababu. Washa utambuzi wa binadamu badala ya utambuzi wa mwendo, na uchore eneo la tahadhari kuzunguka mlango tu.

*Ukiwa Mombasa picha inakwama, nyumbani haikwami.* Kasi ya kupakia haitoshi. Chagua picha ya ubora wa chini kwa kutazamia mbali. Kinasa kitaendelea kuhifadhi ile ya ubora wa juu.

*Tarehe inarudi nyuma kila umeme ukipotea.* Betri ndogo ya saa ndani ya kinasa imekwisha. Ibadilishe, kisha uchague saa ya Nairobi na uruhusu kinasa kujirekebisha kupitia intaneti. Picha yenye tarehe ya uongo huzua mabishano.

*Tukio limetokea na hujui la kufanya.* Kinasa hufuta picha za zamani chenyewe diski inapojaa, kwa hiyo usisubiri. Nakili sehemu inayohusika, ukianzia dakika kadhaa kabla ya tukio na kumalizia dakika kadhaa baadaye, kwenye flashi mbili: moja ubaki nayo, nyingine uipeleke kituo cha polisi unapoandikisha taarifa na kupewa nambari ya OB. Usiisambaze kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa aliyeonekana kwenye picha huenda hana hatia, na jina likichafuliwa katika mji mdogo kulisafisha ni kazi kubwa.